Miguu ya Mjomba

Kijijini kule sikuzaliwa, nilioa tu. Kwetu ni Kikole, na kwa desturi ya watu wangu mwanamume akioa hubeba jembe lake akahamia kwa wakwe. Mwanamume wa kuja hana kauli. Shamba ni la mkeo, nyumba umeijenga wewe lakini kiwanja ni cha mama mkwe. Kitu kimoja tu kilikuwa changu: unahodha wa timu ya mpira ya Juu ya Barabara. Niliupenda kupita kiasi, nasema kweli.

Serikali ilipotukusanya kwenye kijiji cha ujamaa, vitongoji viwili viliwekwa huku na huku ya barabara, na kila kimoja kikaja na timu yake. Tukawa tunagombea watoto. Mwenyekiti wa kijiji akaumaliza ugomvi mkutanoni: kuhodhi wachezaji ni unyonyaji. Kila vijana wakitoka jandoni, manahodha wawili watasimama mbele ya watu wachague mmoja mmoja, kwa zamu. Aliyechaguliwa atachezea upande huo mpaka atakapooa. Akishaoa, achezee upande anaolala. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu zamu ya kwanza iliniangukia mimi.

Nahodha wa Chini ya Barabara alikuwa mtani wangu, maana kabila lake na langu hutaniana. Mtani anakutukana mchana kweupe na huna ruhusa ya kununa.

Siku ya kuchagua, vijana walipangwa uwanjani na vichwa vyao vilivyonyolewa. Mmoja alikuwa tayari kabisa, mpira wa chandimu haumtoki mguuni. Kila mtu alijua nitamtaja yeye. Mimi nikamruka. Nikamtaja mwembamba mmoja aliyesimama mwisho, magoti yanapigana, anahema kwa kufunga msuli wake kiunoni tu.

Nilikuwa na sababu zangu. Mtoto wa kiume humfuata mjomba, na mjomba wake yule alikuwa beki aliyeogopwa mpaka Lindi mjini, miguu kama nguzo za nyumba. Tena nyayo za mtoto zilikuwa tayari za mtu mzima. Nikajiambia nyayo zimetangulia, mwili uko njiani.

Mtani alicheka mpaka akakaa chini. "Mtani, umechagua mchezaji au kijiti cha kuanikia pweza?" Kisha akamchukua yule wa chandimu. Wazee wa upande wangu hawakucheka. Mmoja alisema, akihakikisha nasikia, kwamba mgeni akiharibu safari hii, watamtafuta nahodha aliyezaliwa hapa hapa.

Basi nikaanza kungoja, kama mtu aliyepanda mkorosho. Nilimwita kijana kwangu kila jioni, nikamlisha ugali, kunde na samaki wa kukaanga. Mke wangu akauliza kama tumechagua mchezaji au tumepata mtoto wa nne. Uwanjani alijikwaa nyayo zake mwenyewe. Misimu ikapita, yule wa chandimu akitufunga atakavyo, na mtani hakunisahau. Hata makaburini, watu wanashusha maiti, aliniinamia sikioni: "Mti wako umeshatoa maua?"

Mvumilivu hula mbivu. Msimu mmoja kijana alianza kurefuka, na suruali zikamkimbilia magotini. Kifua kikaja, mapaja yakaja, na asubuhi moja nikadhani ni mjomba wake anakuja kunisalimu, kumbe ni yeye. Mechi yake ya kwanza ya wakubwa tuliwafunga Chini ya Barabara mpaka wakaomba maji. Watu walinibeba mimi, si yeye. Mtani alikuja akanipa mkono, hakutania hata neno. Ningekuwa na akili ningeogopa.

Haukupita muda kijana akaja nyumbani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, nataka kuoa."

Nilifurahi, nikamwahidi beberu wa harusi. Ndipo nikauliza ni binti wa nani. Akatazama zile nyayo zake. Alikuwa binti wa mtani.

Mimi niliyebeba jembe kutoka Kikole kwa miguu yangu, desturi ile nilikuwa nimeisahau. Niliumia, sifichi. Beberu nilimtoa, lakini nyama yake sikuionja.

Mechi ya Sabasaba kijana alichezea Chini ya Barabara, akatufunga bao moja lililotosha. Hakushangilia. Aligeuka kwanza kumtazama baba mkwe, aone kama ameridhika. Mtazamo ule naujua, nimeishi nao miaka. Hasira ikanipungua nusu.

Nusu iliyobaki mtani aliimaliza: "Wewe ulilisha mguu, mimi nililea binti. Tukangoja wote."

Jioni ile wazee wa Juu ya Barabara waliitana kuniondoa kwenye unahodha. Ndipo mama mkwe, ambaye kwa heshima ya ukwe tulikuwa hatujatazamana usoni tangu nimuoe mwanawe, akaongea akiwa amenipa mgongo.

"Mwacheni," alisema. "Jicho la mpira hana. Lakini ana mabinti watatu, na anajua kulisha."

Wazee wakatazamana. Kisha mmoja akaniuliza, kwa adabu ambayo sijawahi kuonyeshwa pale, yule mkubwa ana umri gani.