Yasini Juu ya Magitaa

Juzi, baada ya swala ya Alasiri, niliona kaseti ya nyimbo za roki dukani karibu na msikiti wa Badjanani, hapa Moroni, nikaikumbuka ile niliyoiharibu.

Kisiwa chetu cha Nzuani kilipojitenga na Komori, kaka yangu alikuwa huku Moroni, nasi kule hatukujua kama yu hai. Mchana mmoja baharia aliyetoka Moroni aliniachia mlangoni kwetu Mutsamudu kaseti ya kaka, ikinuka dizeli, akaondoka bila maelezo. Nilisikia magitaa tu. Nikaona dhambi ile itamletea kaka balaa, nikarekodi sura ya Yasini juu yake kwa sauti yangu, nikaisoma tena na tena mpaka mkanda ukaisha.

Mama akaingia akihema kutoka bandarini. "Baharia kasema kaka yako kazungumza mwishoni, nyuma ya nyimbo, askari wasigundue. Weka, mwanangu!"

Aliisikiliza Yasini yangu yote, kichwa kakiinamisha.

"Rudisha nyuma," akasema taratibu. "Labda sauti yake imetupita."