Karai Juu ya Antena

Siku niliyokabidhiwa kazi ya saa, nilikuwa nimezoea kupima mito kwa nguzo iliyochorwa namba. Mkuu wa kitengo chetu cha maji pale Mbinga aliniwekea mezani kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, akasema, "Hii inajua kila kitu isipokuwa saa. Wewe ndiye utakayeifundisha."

Alisema kweli. Kompyuta zile hazikuwa na betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika zinalala, na zikiamka zinadhani bado ni muda ule ule zilipolala, kama mlevi aliyesinzia kilabuni. Dawa yake ni kipokezi cha setilaiti. Setilaiti hubeba saa zisizoyumba. Kipokezi huzisikia kwa antena ndogo iliyowekwa nje, kikaiambia kompyuta tarehe na saa, kisha kikapiga mpigo kila sekunde ili isipotee njia. Sharti ni moja: antena ione mbingu. Ninyi vijana mnaikuta saa kwenye simu, mnadhani imeota humo.

Tulikuwa na vituo viwili. Cha juu, Litembo, kilipima mvua milimani. Cha chini, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kilipima kina cha mto unaoshuka kutoka huko hadi kwenye majaruba ya mpunga. Ukijua mvua ilinyesha saa ngapi na mto ukajaa saa ngapi, unajua watu wa majarubani wana muda gani wa kukimbia. Kituo cha chini alikitunza Bibi Eufrasia, mjane aliyelima hapo hapo. Nilimpenda tangu siku aliponikaribisha kwa ugali na usipa, dagaa wa ziwa lile.

Masika ya kwanza taarifa zikaja za ajabu: mto umejaa kabla mvua haijanyesha! Mkuu, mtu mwema lakini mwepesi wa hasira, akanitupia karatasi.

"Huu mto wako ni nabii?"

"Hapana, mkuu."

"Basi kang'oe kituo. Onyo la uongo ni baya kuliko kukaa kimya."

Nilishuka ziwani roho ikiniuma. Kituo kikiondoka, wale watu wangejua habari za mafuriko maji yakiwa magotini.

Nilifika wingu limetanda. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani upesi."

Ngurumo ya kwanza ilipopiga, alifunika kioo kwa kanga, akatoka mbio na karai la chuma lililojaa masizi, akaifunika antena.

"Bibi! Unafanya nini?"

"Radi inapenda vinavyong'aa, baba. Kitu cha serikali kikipigwa, nitasema nini?"

Nilicheka hadi machozi. Kumbe kila ngurumo alikuwa akikilinda kituo changu kwa moyo wote. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta iliamka chini ya karai, haioni mbingu, ikaendelea na saa iliyokwisha kupita; ndiyo maana mto ulionekana kujaa kabla ya mvua.

Sikuthubutu kumkataza. Mama yangu mwenyewe kule kijijini Mapera alifunika vioo hivyo hivyo, na mila haing'olewi kwa bisibisi. Ila mawimbi ya setilaiti hayapiti kwenye chuma, kwenye plastiki yanapita. Nikamletea beseni la plastiki. Akaligeuzageuza.

"Hili halitang'aa?"

"Halitang'aa, Bibi."

"Haya, sawa."

Mkuu nilimwomba masika moja tu zaidi. Akaguna, akakubali. Tangu hapo mvua ilitangulia, mto ukafuata.

Sasa nimestaafu, napalilia kahawa. Watu huniuliza, mtu mzima unahangaikaje na sekunde? Huwasimulia masika yangu ya mwisho kazini. Mvua ilimwagika Litembo asubuhi, tukapiga hesabu, nikampigia Bibi simu: watu watoke majarubani kabla ya adhuhuri. Akapita akigonga sufuria mlango kwa mlango. Mchana maji yakaja.

Jioni alinipigia, sauti imemkauka.

"Mpunga umekwenda wote, mwanangu."

"Pole sana, Bibi."

"Pole ya nini? Tumeitana majina. Tupo wote."