Nilimwacha Mwanangu Likizo ya Mwezi wa Tatu

Admin, jina langu lifiche vizuri sana, maana hapa ninapoandikia ni nyumbani kwa huyo huyo ninayemsema. Na ninyi mtakaosoma, nitukaneni mkitaka, nimestahili. Ila mkimaliza mnishauri.

Mimi ni mama wa miaka sitini na tatu, mjane, nakaa Bunda. Niliolewa miaka ya themanini, enzi za foleni na unga wa njano, sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai. Baba mkwe wangu alikuwa bwana shamba mstaafu, mtu wa mipango. Alijua kila mwezi chakula kiko wapi, basi akatuchorea kalenda ya likizo, akaipigilia misumari nyuma ya mlango. Mwezi wa tatu Murangi kwa binti yake mkubwa, kwa sababu shamba likiwa tupu ziwani samaki wapo. Mwezi wa saba Butiama, mtama ukishavunwa. Wa nane tunabaki nyumbani, pamba inauzwa. Desemba Kiabakari. Mbele ya jina la kila mmoja wetu aliandika mwezi wake na mahali pake, na majirani wakiuliza, tunajibu tunaenda likizo. Walituonea wivu, maskini. Tulikuwa tunakimbia njaa.

Mwaka huo mimi nilipangiwa Murangi na binti yangu wa kwanza, nimwite Neema, hajafikisha hata miaka mitatu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Huyo binti mkubwa wa baba mkwe, yaani wifi yangu, hakujaliwa mtoto, na mume wake alikuwa na mitumbwi. Jamani tulikula. Sato asubuhi, sato jioni, Neema akanenepa mpaka mashavu yakang'aa. Siku ya kuondoka wifi akaniomba nimwachie mtoto akae naye mwezi mmoja tu, nikajifungue kwa utulivu. Kwetu ndugu asiye na mtoto akikuomba hivyo, nawe umekula kwake mwezi mzima, humnyimi. Nikamwacha. Nilipanda lori na gunia la dagaa, Neema amelala, hata sikumuaga.

Mwezi wa nne niliagiza aletwe. Wifi akajibu kwamba mvua imeharibu njia, akaleta dagaa. Mwezi wa tano mtoto ana homa, akaleta dagaa. Mume wangu alitaka kumfuata, na hapa ndipo penye dhambi yangu, kwa sababu ni mimi niliyemzuia. Nilikuwa na kichanga mgongoni, nyumba nzima inangojea lile gunia, nikaona tukimchukua Neema na gunia halitakuja tena. Sikumwambia mtu hilo. Nilisema tu aachwe kidogo, kule anakula vizuri. Baba mkwe alipochora kalenda ya mwaka uliofuata, jina la Neema halikuwemo, nami sikuuliza.

Baadaye mambo yakafunguka, ikawa ruksa. Mume wangu akaanza kuuza mitumba, maduka yakajaa, sikuwa na kisingizio tena. Nikaenda Murangi na gauni jipya la Neema. Alikuwa na miaka saba. Alinisalimia shikamoo vizuri, kisha akakimbia kumuuliza wifi, "Mama, huyu mgeni ni nani?" Wifi akamjibu ni mama wa Bunda, mke wa mjomba. Akanivuta pembeni akaniomba nisimvuruge mtoto. Nilikasirika, nikalia, halafu nikakubali. Gauni lenyewe lilikuwa dogo.

Tangu hapo mimi ni Mama wa Bunda. Nimeenda kwenye harusi yake nikakaa viti vya wageni. Sasa ana miaka arobaini na kitu, ana duka lake Mwisenge, na wifi yangu anauguzwa hapo hapo kwake. Mwezi uliopita Neema alinipigia simu, akasema niende nipumzike kwake hata miezi miwili, nimsaidie na mgonjwa. Nilifurahi kama mtoto.

Wiki iliyopita tulikuwa tunachambua mchele, akaniambia kuna jirani wa Murangi amekuja kumwona mgonjwa, akateleza ulimi.

"Nasikia mama hakunizaa," akasema. "Kuna mwanamke alikujaga likizo na mimi, akarudi kwao na dagaa. Kweli mtu anaendaga likizo anasahau mtoto?"

Nikainamia ungo wangu. Akaendelea, wala hakuwa na hasira, anapepeta mchele wake taratibu.

"Huyo akija hapa, hata maji simpi. Wewe ulikuwaga unakuja sana kule, Mama wa Bunda. Unamjua?"

Nikamwambia, "Simjui, mwanangu."

Nimeandika hilo neno mwanangu hapa ndipo nimeona nililisema. Yeye hakushtuka, maana namwitaga hivyo siku zote kama mama yeyote anavyomwita mtoto wa mwenzake.

Wifi alikuwa chumba cha pili, alisikia. Usiku akaniambia hataki kuzikwa na huu uongo, na Jumapili watu wakitoka kanisani atamwambia Neema yeye mwenyewe, nisipomtangulia. Leo ni Ijumaa. Nikisema, nitakuwa yule mwanamke wa kunyimwa maji, tena aliyemkana juzi tu machoni pake. Nikinyamaza, ataambiwa nikiwa nimekaa hapo hapo. Nikikimbilia Bunda, nitakuwa nimemwacha mara ya pili. Jana nilifunga begi langu. Neema akaliona, akalifungua, akazirudisha nguo zangu kabatini moja moja, akaniambia mimi ndiye ndugu pekee ambaye hajawahi kumdanganya.

Nishaurini, ndugu zangu. Nifanye nini, nami Jumapili ni keshokutwa?