Ukingo wa Kushoto

Shangazi yangu, kitinda mimba wa nyumba ya babu, alitengeneza fremu kwa miaka ishirini na tisa katika chumba kimoja chenye mlango wa bati, kati ya kinyozi na duka la vipuri vya baiskeli. Watu walimwita Fundi Fremu, na wengine hawakujua kama ana jina jingine. Alikuwa mtu wa milimita. Ukimletea picha iliyokatwa upogo, aliguna. Kisha akachukua rula ya chuma na wembe. Mabaki hakuyatupa. Aliyakatakata vipande vya urefu wa kidole, akavichomeka nyuma ya picha za wateja wengine ili kioo kisicheze.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mkutubi mstaafu alimletea picha ya rangi ya mafuta, imeviringishwa ndani ya gazeti. Ilichorwa na marehemu mumewe, karani wa posta aliyemaliza Jumapili zake zote akipaka rangi. Watu wamepumzika kando ya mto: mkeka, birika, mwanamume amelala kofia usoni, mwavuli mweupe, na miti ambayo ilikuwa madoa tu ya kijani na buluu. Hakuna aliyekuwa na pua wala macho.

"Marehemu alikuwa na haraka," Shangazi alimtania.

"Alikuwa anafukuzana na jua," mkutubi akajibu. "Nitaifuata Ijumaa, fundi."

Ukingo wa kushoto ulikuwa umechakaa, na hapo palikuwa na doa la njano lenye weusi kidogo. Shangazi alikuwa ameona wachoraji wengi wakipangusa brashi zao pembeni mwa kitambaa. Alidhani hili nalo ni la brashi. Akakata upana wa vidole viwili, picha ikaenea sawasawa katika fremu aliyokuwa nayo, akaendelea na kazi nyingine.

Ijumaa mkutubi aliitazama kwa muda mrefu.

"Binti yangu yuko wapi?"

Shangazi aligeuka kutazama mlangoni, akidhani amekuja na mtoto.

"Alikuwa hapa," mkutubi alisema, kidole kikiwa kwenye mbao. "Kwenye miti, na gauni lake la njano. Alikuwa anakuja kwetu, baba yake akamwambia asimame hapo hapo."

Mtoto huyo alikuwa na miaka tisa. Mvua zilizofuata hakuziona. "Picha za kamera ninazo," mkutubi alisema. "Aliyochorwa na baba yake ni hii tu."

Ndoo ya mabaki ilikuwa tupu. Wiki ile fremu tatu zilikuwa zimeshatoka, zikiwa na vipande nyuma ya picha.

Jumamosi Shangazi alifunga kibanda, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaanza na jirani.

"Unafungua picha ya mke wangu kutafuta nini?" kinyozi aliuliza. "Yule wa kwanza sikumficha humo."

Shangazi hakucheka, na kinyozi akazima mashine yake. Kutoka hapo alikwenda zahanati, kisha ng'ambo ya mji kwa maharusi, ambako mama mkwe alimsimamia kichwani. "Kioo kikipasuka, mama, utaturudishia harusi?" Kila mahali aling'oa misumari, akatoa vipande vyake, akaweka karatasi ngumu badala yake, akaomba radhi. Alirudi ameloa chapachapa, na vipande saba ndani ya mfuko wa nailoni. Vitano vilikuwa vya kijani. Viwili vilikuwa na njano.

Jumatatu mkutubi alivaa miwani, akaivua, akarudi nyuma hadi mlangoni, akasogea tena. Vile viwili havikuungana vizuri, kwa sababu wembe ulikuwa umekula kidogo.

"Ndiye?" Shangazi aliuliza.

"Sijui. Nilikuwa namwona hata nikiwa jikoni. Hapa naona rangi." Alikigeuza kipande kimoja, kisha akakigeuza tena. "Kichwa kilikuwa upande gani, fundi?"

Shangazi alivigeuza vile vipande huku na huku.

"Naweza kumbandika tena," alisema baadaye. "Nitatia kitambaa kwa nyuma."

"Ukimbandika miguu juu, nitamwona hivyo mpaka nife." Mkutubi alivifunga vile viwili katika leso yake. "Picha kaa nayo, mwenzangu. Mpe mtu anayependa mto."

Shangazi hakuwahi kumpa mtu. Aliitundika juu ya meza ya kukatia, na tangu hapo hakukata picha ya mtu bila mwenyewe kusimama pembeni. Wengi walichoka kusubiri, wakahamia kwa mafundi wengine. Waliobaki waliisifu ile picha. Mmoja wao, kijana aliyekuja na cheti chake cha chuo, aliitazama hadi akatabasamu.

"Hawa wamepumzika kweli kweli."

Shangazi aliendelea kupiga msasa. "Bado hawajajua kwamba mtoto hayupo," alisema.

Kijana alidhani ni utani, akacheka.