Nilivyojifunza Kuchora kwa Mgongo

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai. Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kuajiriwa kama mchoraji wa ramani katika karakana moja ya vifaa vya kilimo pale Nakuru. Msimamizi wetu alikuwa Singasinga wa makamo, na sote tulimwita Bwana Mistri. Alinikuta nimeshainamia karatasi, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha kukatakata:

"Nachora nini?"

"Plau ya ng'ombe, bwana, kama ulivyoagiza."

"Umeona ng'ombe nalima?"

"Hapana, bwana. Kwetu tulilima kwa jembe la mkono."

"Basi weka penseli chini. Na hii tai toa, ng'ombe ya Bahati takula."

Akanipeleka mwenyewe hadi Bahati, nje kidogo ya mji, akaniacha huko kwa wiki nzima. Mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa yamekatwa vipande na kugawiwa familia, na plau zilizobaki zilikuwa za kuvutwa na trekta. Kazi yangu ilikuwa kutazama watu wakilima na kushika plau mwenyewe, tena kuuliza bila kubishana na jibu. Niliporudi, bado hakunipa karatasi. Alinipa mbao za masanduku na waya, niunde plau ya uongo. Aliiita kacha, neno la kwao la kitu kibichi, kisichoiva. Kacha ilipelekwa kwa mkulima aishike, aikosoe, aivunje akitaka, nasi tukaunda nyingine.

"Kacha navunjika, mzee nacheka," aliniambia. "Chuma navunjika, mzee nalia."

Nilimpenda mtu yule. Alikuwa na sauti ya kutisha, lakini saa nne hakunywa chai mpaka ahakikishe kila kijana wa karakana ana kikombe. Nilipoaga kwenda kazi nyingine alinipa rula yake ya chuma na kusema nisiiamini sana.

Kazi hiyo nyingine ilikuwa Njoro, katika chama cha ushirika cha wafugaji, na cheo changu kilikuwa msimamizi wa majengo. Hapo ndipo nilipokosea. Niliamini mafunzo ya Bwana Mistri ni ya vyuma, na kwamba majengo yana elimu yake. Nilipoagizwa kujenga jukwaa la kupokelea maziwa kando ya barabara, sikwenda kukaa na mtu yeyote. Nilipima kimo cha lori la kiwanda cha maziwa, nikajenga jukwaa la saruji lililolingana na sakafu yake, kama yale ya mashamba ya walowezi. Mwenyekiti wa chama alipeana mikono na kila mtu siku ya kulifungua.

Lakini kwenye mashamba yale maziwa yalikuja katika mitungi mikubwa, na kila mtungi uliinuliwa na wanaume wawili. Sasa yaliletwa na akina mama, kila mmoja na mkebe wake mgongoni, umeshikwa na ukanda uliopita kwenye paji la uso. Mtu aliyebeba hivyo hawezi kuutua mzigo mbele yake. Hurudi kinyumenyume, akaegemeza mkebe mahali palipo usawa wa kiuno, kisha akatoa kichwa kwenye ukanda. Jukwaa langu lilimfika kifuani.

Asubuhi moja yenye matope, mama mmoja aliyeitwa Mama Wambui alijaribu kuupandisha mkebe kwa kujipinda. Ukanda ukateleza, na maziwa yote yakamwagika. Alinitazama, akawageukia wenzake.

"Huyu ndiye kijana aliyetujengea mlima. Labda anataka tumlete ng'ombe mwenyewe apande."

Walicheka, ila kesho yake hakuja, na wengine wakaanza kubaki nyumbani. Mwenyekiti akaniita.

"Bwana Mchoraji, kiwanda kimesema lori haliwezi kuja kubeba hewa. Maziwa yakiendelea kupungua hivi, mwisho wa mwezi kituo kinafungwa. Hawa watu watauza wapi?"

"Wafundishwe kutumia mikokoteni, mzee," nikamjibu.

"Mikokoteni? Kwenye njia zile? Wewe umewahi kupita huko?"

Sikuwa nimepita. Nilitoka pale uso ukiniwaka, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Wambui. Alikuwa akikamua na hakusimama.

"Umekuja kupima na hapa?"

"Nimekuja kubeba, mama."

Akacheka mpaka ng'ombe akasogea. Kisha akanijazia mkebe, akanivisha ukanda, akatembea nyuma yangu hadi kituoni huku akiwatangazia majirani. "Njooni mwone! Ofisi inabeba maziwa!" Shingo ilikuwa ikinikatika. Nilipofika kwenye jukwaa langu niligeuka huku na huku, nisijue pa kuegemea.

"Sasa tua," akasema.

"Siwezi."

"Haya. Hata sisi hatuwezi."

Siku iliyofuata niliunda kacha ya magogo na masanduku ya soda, kibaraza cha chini mbele ya lile jukwaa. Mama Wambui aliwaita wenzake waijaribu. Mfupi akataka kishushwe, mrefu akataka kiinuliwe, nami nikahamisha masanduku mpaka wakakubaliana vibaraza viwe viwili. Tulivijenga kwa saruji kabla ya mwezi kwisha. Maziwa yakarudi, na lori likaendelea kuja.

"Sasa bado mvua," Mama Wambui aliniambia. "Tukingoja lori tunalowa."

"Nitakuja tuchore paa pamoja."

Nilisema kweli kutoka moyoni. Lakini sifa za vibaraza zilikuwa zimefika mbali, na nikaitwa hospitali moja ya Nakuru kupanga upya dirisha la dawa. Huko nilikaa kwanza na wagonjwa kwenye foleni. Baadaye shule ziliniita kwa madawati, kisha nikawa nafundisha maafisa wa idara mbalimbali kanuni ile ile: tazama, uliza, unda cha kuvunjika, rudia. Mjukuu wangu anasema siku hizi ni somo la chuo, linaitwa fikra za kibunifu. Sisi hatukuwa na jina lake.

Nilipita tena Njoro miaka ya sabini ikielekea mwisho. Paa lilikuwepo, la mabati yaliyotumika, juu ya nguzo fupi. Nikaingia na kugonga kichwa kwenye boriti yake.

"Inama, bwana mkubwa," ilisema sauti ya Mama Wambui. "Hapa kila mtu huja ameinama."

Lilikuwa chini hivyo kwa sababu mvua ya Njoro hupigwa na upepo ikaingia kwa ubavu. Mimi ningelijenga refu na wangelowa. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza.

"Tulikungoja, mvua ikapita, nyingine ikapita. Tukachanga mabati. Kunywa chai."

Nimestaafu sasa, na katika kazi zote nilizofanya ni kituo kile ninachokifikiria zaidi. Sijutii kwamba walijenga bila mimi. Najuta kwa sababu ya nilikokuwa asubuhi zile walipokuwa wakilowa. Nilikuwa Nakuru, ndani ya chumba kikavu, nikifundisha watu jinsi ya kuwasikiliza watu.