Siku Niliyosema Taa za LED Hazili Umeme

Nikipita ile njia ya kwenda kanisani, mpaka leo huwa naangalia upande wa pili kama mtu anayetafuta mbuzi wake, maana pale kwenye kile kimlima ndipo nilipovuliwa nguo mchana kweupe (nguo za heshima nasema, suruali nilikuwa nayo, tena ya kitambaa, mke wangu aliipiga pasi mara mbili). Naona aibu kusimulia, lakini nyie mshasikia vipande vipande kwa wengine, basi bora msikie yote kwangu.

Mimi ni fundi umeme wa magari, gereji yangu iko Kawajense. Baba mkwe wangu, Mwalimu Kasiani, amefundisha fizikia miaka yake yote mpaka kustaafu, sasa analima mahindi Kakese na ana pikapu moja nyeupe ya zamani anayoipenda kuliko anavyonipenda mimi. Si kwamba ananichukia, hapana, ila tangu nimuoe binti yake Restituta ananitazama kama daftari ambalo hajamaliza kulisahihisha. Sasa yeye na mama mkwe wakafikisha jubilei ya miaka hamsini ya ndoa, misa ikapangwa Jumapili saa nne asubuhi, na mimi nikajitolea kuipamba ile pikapu kwa taa, nikisema moyoni kwamba safari hii mzee atanikubali.

Nikaifunga kweli. Taa moja ndefu juu ya kichwa cha gari, spoti mbili kwenye bampa, na mkanda wa taa za rangi kuzunguka bodi nzima, yaani gari liliwaka kama duka la simu. Umeme wake sasa, hapo ndipo shetani alipokaa. Ilitakiwa nivute waya mpya kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake peke yake. Lakini ilikuwa Jumamosi jioni, nimechoka, nikaona waya wa pampu ya mafuta uko pale pale chini ya dashibodi, unapata umeme ukizungusha ufunguo, nikaudandia, taa zote nikaziunga hapo.

Restituta alikuja kunichukua, akasimama akaangalia, akauliza, "Umepima zinakula amp ngapi?"

Nikamjibu bila hata kugeuka, "Mke wangu, LED hazili umeme. Ni kama kuku anadonoa tu."

Na mita ya kupimia umeme ilikuwa kwenye droo, hatua mbili! Nikajaribu taa moja moja, hii ikawaka, nikazima, ile ikawaka, nikazima, nikafunga gereji nikaenda kula.

Jumapili naendesha mimi. Mwalimu na mama mkwe wako mbele pamoja nami, yeye kwenye suti ya kijivu, mama kwenye gauni jeupe na maua kichwani kama binti wa miaka ishirini. Nimewasha spoti na mkanda, gari linakwenda vizuri, watu barabarani wanatupungia. Mama anacheka, anasema, "Mkwe, umetupamba!" Mwalimu akasema, "Mm," na kwa Mwalimu ile "mm" ni sifa, nikajisikia nimekuwa mrefu.

Tulipofika kwenye kimlima cha kanisa kwaya ilikuwa imejipanga pande zote mbili ikiimba, akina mama wa jumuiya na vigelegele, padri mlangoni. Nikasema sasa ngoja niwaonyeshe, nikabonyeza swichi ya taa ndefu ya juu.

Ikawaka, watu wakapiga kelele za furaha, nikahesabu labda moja, mbili, halafu tap! Taa zote kimya, injini kimya, gari likasimama katikati ya kwaya.

Nikashuka mbio, nikafungua boneti, nikaangalia, fyuzi ya pampu imekufa. Ya akiba sina (fundi umeme mzima!), nikachomoa ya waipa, maana mvua haikuwepo, nikaiweka, nikawasha, kumbe zile swichi za taa sijazima hata moja. Tap! Nikachomoa ya honi. Sasa mtaniuliza, je, hapo ulizima taa? Ndugu zangu, jasho lilikuwa linaniingia machoni, kwaya imefika ubeti wa tano wa wimbo wenye beti nne, mimi nazima nini? Tap! Fyuzi ya tatu. Za ukubwa ule zikawa zimekwisha gari zima.

Nikaona chini karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Nikaiokota nianze kuikunja niichomeke pale badala ya fyuzi, mkono wa Mwalimu ukanishika.

"Unataka kutuchoma siku ya jubilei yetu?"

"Hapana, Baba."

"Taa zako kwenye maboksi ziliandikwa wati ngapi?"

"Ya juu mia na ishirini. Spoti mbili, jumla sabini na mbili. Mkanda arobaini na nane."

Akaifunga boneti, juu yake vumbi jekundu la Kakese. Akanionyesha kwa kidole. "Andika. Jumlisha, kisha gawa kwa volti za betri."

Nikaandika kwa kidole kwenye vumbi, mbele ya watu wote, kwaya imeshanyamaza ili isikie vizuri. Mia mbili arobaini gawa kwa kumi na mbili. Akili ikawa nyeupe kama ile pikapu, nikasema, "Thelathini?"

"Rudia."

Mama mmoja wa sauti ya pili akashindwa kuvumilia, "Ishirini, jamani!" Watu wakacheka mpaka padri akashika mlango.

"Amp ishirini," Mwalimu akasema, "na pampu nayo inataka zake, na fyuzi ni ya kumi na tano. Kuku wako wamedonoa mpaka ungo."

Nilijua Restituta ndiye aliyemwambia habari ya kuku. Nilimtafuta kwa macho kati ya akina mama wa jumuiya, akajificha nyuma ya shada la maua aliloshika.

Padri alikuwa na misa nyingine kigangoni, hakuna muda. Mwalimu akataka watembee, lakini mama mkwe akakataa kushuka. "Nimekuja na gari, naingia na gari!" Basi akina mama wa jumuiya wakavua viatu, kwaya wakaweka vitabu chini, wakatusukuma kimlima chote wakiimba, mimi nashika usukani, na mama anapunga mkono dirishani akicheka mpaka machozi. Mwalimu alimwangalia mkewe muda wote ule, na mara moja tu akaniangalia mimi, hakukasirika.

Jumatatu asubuhi alikuja gereji na kiti chake, akasema, "Lete mita." Tukapima taa moja baada ya nyingine, akasoma, nikaandika. Ile ndefu boksi lilidanganya, ilikula amp nane tu, zote pamoja kumi na sita na nusu, bado zingeua fyuzi ile ile. Tukavuta waya mnene kutoka betri, tukaweka rilei, ile swichi inayobeba mzigo wa taa, na fyuzi yake. Mchana tukala ugali pamoja, akanisimulia jinsi naye aliwahi kuunguza maabara ya shule.

Tangu hapo sifungi taa kabla mita haijasema, hata mteja awe na haraka ya namna gani. Akinung'unika namwambia aende kwa fundi mwingine, mimi sina tena moyo wa kufanya hesabu mbele ya kwaya.