Kwetu ni Hapa Hapa

Mama alipotuacha aliniachia sufuria, redio ya betri na nyumba ambayo hata si yake. Nyumba ni ya kanjo, yaani baraza la jiji. Alipanga humo kabla sijazaliwa. Mimi nimezaliwa humo, nimeng'oka meno ya utotoni humo, na ni humo nilikataa kurudi shule nikiwa kidato cha pili. Na kanjo wako na sheria yao: mpangaji akifa, nyumba inabaki na mtoto aliyekuwa anaishi naye. Kama mtoto kwao ni kwingine, nyumba anapewa mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine tulishamwona. Alikuja na gari safi, akaangalia dirisha letu kama anapima pazia, halafu akanisalimia vizuri sana. Siku hiyo sikula, na mimi ni mtu wa kula hata kwa matanga.

Nilitakiwa kupata barua ya chifu ya kusema mimi ni mkaaji wa pale. Jirani yetu, mama wa mahamri aliyenilea nusu, akaniweka chini kwa stuli.

"Chifu atakuuliza nyumbani ni wapi. Utasema nini?"

Nikataja kijiji cha babu.

"Umeshafukuzwa. Huko huwa unaenda lini?"

"Kukiwa na mazishi."

"Haya. Nyumbani ni wapi?"

"Hapa?"

"Mbona unaniuliza mimi? Sema kama mtu anajua."

Si kosa langu. Watoto wa mitaa ya Eastlands hapa jijini tumefunzwa hivyo: pa kulala ni nyumba, lakini nyumbani ni ushago, kule kijijini kwa babu, hata kama mbwa wa huko wakikuona wanabweka. Nilifanya mazoezi nikioga, nikipika, nikinunua mboga ya sukuma. Hapa. Hapa. Muuza sukuma akadhani namwonyesha fungu.

Chifu pia alitaka mzee wa familia awe shahidi, kwa hivyo baba mdogo akasafiri kutoka ushago. Tulikaa kwa benchi, yeye akizungusha kofia yake juu ya goti, mimi na magoti yangu yakigongana. Nikamwambia askari wa mlangoni kama atasikia mtu akibisha, asifungue, ni magoti yangu. Alicheka. Mimi sikuweza. Nilikuwa naona kitanda cha mama kikitolewa nje, na lile gari safi likiwa limepaki pale pale.

"Kijana," chifu akasema, "nyumbani ni wapi?"

Nikataja kijiji cha babu. Nikaongeza na mto wa huko, ndio asipotee.

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa, kwa furaha. Kalamu ya chifu ikasimama.

"Kwa hivyo hapa unapita tu."

"Hapana, mkubwa, nimekosea. Huko ni kwa babu. Nyumbani ni hapa."

"Umehama saa hii ukiwa umekaa?" Watu kwa benchi wakacheka. "Mama mlimzika wapi?"

"Huko."

"Unaona sasa." Akaweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu amedanganywa sana. "Kila mtu akitaka nyumba anakuja hapa kuniambia kwao ni hapa. Sasa mimi huuliza hivi. Wewe ukifa, utazikwa wapi?"

Siku tulipomzika mama, baba mdogo alinishika mkono akanionyesha nafasi kando ya kaburi, nyasi zimekatwa vizuri. Akaniambia hapa ni pako, usiwahi kuogopa. Na kwetu, Lang'ata, kwa makaburi ya jiji, huzikwa mtu asiye na watu. Mtu wangu alikuwa amekaa hapo kando yangu, bega kwa bega. Nilitafuta mzaha, hata wa kitoto. Hakuna.

"Lang'ata," nikasema.

Baba mdogo aliacha kuzungusha kofia.

"Mzee," chifu akamwuliza, "ni kweli?"

Akaiweka kofia kwa benchi. Kisha akasema, "Ni kweli. Huyu ni wa hapa." Akaweka sahihi polepole, na muhuri ukagongwa.

Nje nikamkimbilia. "Baba mdogo, nilikuwa nasema tu ya ofisi."

"Umesema mbele ya serikali, na mimi nimetia sahihi."

"Twende basi unywe chai nyumbani."

Akaniangalia niliposema hilo neno. Lilikuwa limetoka lenyewe, bila mazoezi.

"Nitakunywa njiani," akasema, akivaa kofia. "Na pale kando ya mama yako nitapanda ndizi. Nafasi isikae bure."

Nikacheka, nikidhani anatania. Hakuwa anatania.